Video Niliyoifuta, na Mapafu ya Anko

Wasee, leo si stori ya nganya wala ya landlodi. Leo nakiri.

Wale mmenifuata tangu mwaka jana mnaikumbuka ile video ya mikebe ya kijani. Nilikuwa nimesimama juu ya ruf ya ploti yetu hapa Kayole, jua linazama nyuma yangu, mkebe mkononi, nasema mwili wako unajua kujirekebisha, kazi yako ni kuupa tu nafasi. "Stemu seli," nikatamka kama daktari. Ilitazamwa kuliko kitu kingine chochote nimewahi kutoa. Nililipwa Sh15,000. Halafu siku moja ikapotea, na mkaniuliza kwa nini, na mimi nikawa nacheka tu na kubadilisha stori. Nimechukua miezi kujibu kwa sababu jibu lenyewe naishi nalo. Linalala kwa kochi la sebuleni na usiku nalisikia likikohoa.

Aliyenitafuta alikuwa dada mmoja mwenye sauti ya heshima sana. Hakunidanganya, hiyo lazima niseme. Aliniambia wazi: "Usiseme inatibu. Sema inasaidia." Mtu akikufundisha neno la kukwepa kabla hujaanza kazi, hapo ungefaa kusimama uulize maswali. Lakini kodi ilikuwa imechelewa wiki mbili na keyateka alikuwa ameanza kunisalimia kwa jina langu lote. Nikasema inasaidia.

Sasa, Anko. Anko ni kaka ya mathe, na ni fundi wa kuchomelea. Amefanya kazi Kariobangi Light Industries zaidi ya miaka 20. Ukipita Umoja ama Komarock uone geti lenye maua ya chuma yaliyopindwa kwa mkono, kuna uwezekano limepitia kwake. Miaka hiyo yote alikuwa na miwani ya kukinga macho na hakuna kitu cha kukinga pua. Moshi wa rodi, rangi ya kupuliza kutoka kibanda cha jirani, na mtu nyuma anachoma waya apate kopa.

Halafu akashikwa na TB. Alipewa dawa bure kama kila mtu, akazimeza miezi 6 bila kuruka siku, mathe akihesabu vidonge kama pesa ya chama. Makohozi yakapimwa, safi. Siku hiyo tulinunua soda kubwa na keki. Kwetu sisi TB ilikuwa imeisha, na kwa kweli ilikuwa imeisha.

Lakini pumzi haikurudi. Tunaishi ghorofa ya nne, ngazi 64, nimezihesabu. Anko alikuwa anasimama kila ghorofa na kujifanya anasalimia watu. Mama wa ghorofa ya pili alidhani Anko anamtaka. Tukarudi hospitali, daktari akaweka eksirei kwenye mwanga akatuonyesha: juu upande wa kulia kuna shimo, na kando yake michirizi myeupe kama mizizi. "Hii si TB," akasema. "Haya ni makovu. TB imeondoka ikaacha nyumba imebomoka."

Sikuunganisha hilo na video yangu, hata kidogo. Hiyo ndiyo inanisumbua hadi sasa. Anko alikuwa anakohoa chumba cha pili nikihariri ile video.

Wiki kama tatu baadaye nikarudi kutoka tao jioni, nikapata mikebe 3 ya kijani imepangwa juu ya TV kama vikombe vya ligi. Nikauliza imetoka wapi. Anko akatabasamu. "Nimeanza jana. Ile uliyosema."

"Anko, umenunua kwa ngapi?"

"Elfu saba mia tano mmoja. Waliniambia dozi ni tatu."

Sh22,500. Anko hakuwa na Sh22,500. Nilijua hana, maana fare yake ya kliniki nilikuwa natoa mimi.

"Mashine nimeuza," akasema, kabla sijauliza. "Ilikuwa inakaa tu pale. Nikipona nitanunua ingine."

Hakuwa ameniambia kwa sababu alitaka kunishtua. Mpango wake ulikuwa siku moja apande ngazi zote 64 bila kusimama, abishe mlango, nifungue nimpate hatweti. Nilienda ruf nikakaa palepale niliposhutia video. Baadaye aliniambia kitu sijasahau, na hakukisema kwa hasira: "Kama ni mtu mwingine wa kwa simu, singeamini. Lakini ulikuwa ni wewe, kijana."

Usiku huo nikafanya kitu ambacho ningefanya kabla ya kupokea hela. Nikasoma kibandiko. Unga wa seli za tufaha, unga wa zabibu, sukari, rangi. Ni seli za matunda, jo. Na hata zingekuwa seli za binadamu, seli hai haiwezi kukauka, ikae mkebeni miezi, ipite kwa asidi ya tumbo, kisha ipate njia ya kwenda mapafuni. Ukiimeza inageuka kuwa chakula, kama tufaha lingine lolote la soko la Gikomba. Tofauti ni kwamba Gikomba hawatakuitisha mashine yako ya kazi.

Lakini seli shina zenyewe si uongo, na hapo ndipo watu hunaswa. Seli shina ni seli ambayo haijachagua kazi. Ni kama yule kijana wa mkono pale jua kali, anaweza kubaki kijana wa mkono, na anaweza kugeuka fundi wa aina fulani ukimpa nafasi. Zilizo ndani ya uboho, ule unaounyonya kwenye mfupa wa supu, ndizo hutengeneza damu yako kila siku. Madaktari wamekuwa wakihamisha uboho wa mtu mmoja kwenda kwa mwingine kwa miongo mingi sasa, na Mmarekani E. Donnall Thomas alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1990 kwa kazi hiyo. Kuna saratani za damu zinazopona hivyo. Kuna watu wa selimundu wamepona hivyo. Kwa hivyo ukiona neno hilo kwenye mkebe, neno ni la kweli. Kilicho ndani ndicho kingine.

Mapafu nayo ni kazi ngumu kuliko damu. Damu inatembea, unaweza kuimimina. Pafu ni jengo. Bomba la hewa linagawanyika, matawi yanagawanyika tena na tena, mpaka unafika kwenye vifuko vya hewa zaidi ya milioni 300. Ukivikunjua vyote uvitandaze chini, vinafika kama mita 70 za mraba, hiyo ni kubwa kuliko nyumba yetu yote pamoja na balkoni ya kuanika. Ukuta wa kifuko ni mwembamba kiasi kwamba hewa inapita kuingia kwa damu. Na ndani ya vifuko hivyo tayari kuna seli zinazofanya kazi ya seli shina. Wanasayansi wanaziita aina ya pili. Zinatengeneza ule utelezi unaozuia kifuko kujifunga, na ukuta ukiumia zinazaa seli mpya za kuuziba. Ndiyo maana mtu anaweza kuugua nimonia apone kabisa.

Shida ya Anko ni kwamba TB ilikula jengo lenyewe. Mwili ukaziba kwa kovu. Nilipomweleza hivyo alinyamaza kidogo, akafikiria kifundi.

"Kwa hivyo mwili umenichomelea."

"Aah, kitu kama hiyo."

"Na ukichomelea hinji, geti halifunguki."

Sijaona maelezo mazuri kuliko hayo mahali popote, na nimesoma mengi.

Mkebe wa kwanza uliisha, wa pili ukaisha, ngazi zikabaki 64. Hapo ndipo familia ikaingia. Binamu yetu mmoja aliye Gulf akatuma kwa grupu namba ya kliniki ya nje, wanadunga seli shina kwa mshipa, bei ni ya dola. Mathe akasema tufanye harambee. Watu wakaanza kuahidi: elfu tano, elfu mbili, shangazi mmoja akasema atauza mbuzi. Nikaandika, "Ngojeni kwanza." Kukawa kimya. Halafu shangazi akaandika: "Sasa aliyetuuzia mikebe ndiye anatukataza sindano?"

Manze. Hakuna jibu la hiyo. Nilikuwa nimeitumia sauti yangu vibaya, na siku niliyoihitaji haikuwa na nguvu. Ikabidi nitafute kitu kisichotegemea mimi kuaminiwa. Hivyo ndivyo nilivyokutana na Andemariam Beyene.

Beyene alikuwa mtu wa upande wetu huu, Mwiritrea, mume na baba, mwanafunzi wa jiolojia Iceland. (Hiyo ndiyo nchi iliyofundisha wataalamu wetu wengi wa mvuke wa Olkaria, kwa hivyo si mbali sana na stima unayotumia kusoma hii.) Alikuwa na uvimbe kwenye bomba la hewa. Akapelekwa Uswidi, hospitali ya chuo kikuu cha Karolinska, mji wa Stockholm. Chuo cha Karolinska ndicho huchagua washindi wa Nobel ya tiba, kwa hivyo usiwaze kliniki ya kichochoroni. Mwezi Juni 2011 daktari wa upasuaji Paolo Macchiarini alimtoa bomba lake na kumwekea la plastiki, lililolowekwa kwenye seli shina kutoka uboho wa Beyene mwenyewe. Wazo lilikuwa seli zitaishika ile plastiki, ziigeuze iwe nyama hai. Dunia nzima ikatangaza. Mwezi Novemba mwaka huohuo jarida la Lancet likachapisha kwamba mgonjwa anaendelea vizuri.

Alikufa Januari 2014. Plastiki haikugeuka kuwa nyama. Wagonjwa wengine wawili waliofanyiwa hivyo palepale Stockholm, Mmarekani na Mturuki, nao walikufa. Madaktari wanne wa hospitali hiyo walisoma faili za wagonjwa, wakaona kilichochapishwa hakifanani na kilichoandikwa kwenye faili, wakalalamika mwaka wa 2014. Chuo kikamsafisha Macchiarini mwaka wa 2015, kisha kikamfuta kazi mwaka wa 2016 mambo yalipoanikwa kwenye televisheni ya Uswidi. Lancet ikaiondoa ripoti yake mwaka wa 2018. Mwaka wa 2023 mahakama ya rufaa ikamhukumu miaka miwili na nusu jela, kwa kuwadhuru hao watatu.

Niliandika hayo yote kwa grupu, usiku, bila emoji. Sikuongeza maoni yangu. Kitu kilichonikaa mimi binafsi si hata hukumu. Ni kwamba wote walitaka iwe kweli: hospitali, waandishi, jarida, Beyene mwenyewe. Mtu aliyebanwa pumzi hataki kukuuliza ushahidi uko wapi. Kazi hiyo ni ya aliyesimama kando anayepumua vizuri, na mimi nilikuwa huyo, na nilikuwa nahariri video.

Binamu akajibu kwamba hiyo ilikuwa plastiki, sindano ni tofauti. Ni kweli, ni tofauti. Sindano zimejaribiwa. Marekani walichukua watu 62 wenye mapafu yaliyoharibika, wengi wakiwa wavutaji wa sigara wa zamani, nusu wakadungwa seli za uboho na nusu wakadungwa maji yasiyo na kitu, na hakuna aliyejua amepata gani. Majibu yalitoka mwaka wa 2013. Haikuwadhuru. Pumzi pia haikuongezeka. Wakati wa korona wakajaribu kwa wagonjwa mahututi waliokuwa kwa mashine za kupumulia, wakafika watu 222, Desemba 2020 wakasimamisha kwa sababu hesabu ilionyesha haitapunguza vifo. Seli ukizidunga kwa mshipa nyingi hukwama kwenye mishipa midogo ya mapafu na baada ya siku chache hazipo. Kufika zinafika. Kujenga hazijengi. Mpaka sasa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, haijaidhinisha tiba yoyote ya seli shina kwa ugonjwa wa mapafu. Kwa hivyo hizo dola za kliniki unalipia jaribio, na kwa jaribio la kweli mgonjwa haitishwi pesa kama mteja.

Mathe ndiye alimaliza. Hakutaja Uswidi wala Marekani. Aliandika tu: "Mbuzi asiuzwe." Harambee ikafa. Binamu hajanisalimia tangu hapo.

Najua kuna mtu anasoma akisema basi nimekuja kuua tumaini. Sijui kama ni hivyo. Nikichimba nilipata kitu kingine, kutoka Uchina. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tongji, Shanghai, hawakutumia uboho. Waliingiza brashi ndogo kwenye njia za hewa za mgonjwa, wakachukua seli shina za mapafu yake mwenyewe, wakazikuza maabara, kisha wakazirudisha mlemle ndani ya mapafu kupitia bomba. Ni mafundi wa jengo hilohilo, mnaona. Majibu ya watu 17 waliotibiwa yalichapishwa mwaka wa 2024. Uwezo wa mapafu kupitisha hewa kwenda kwenye damu, ukilinganisha na mtu mzima wa afya, ulipanda kutoka kama asilimia 30 hadi karibu 40 baada ya wiki 12. Ni watu 17 tu, waliokuwa na ugonjwa wa mapafu usiosababishwa na TB, na jaribio lilikuwa la kuangalia usalama kwanza. Haijafika kwetu. Lakini hakuna aliyeuza mashine yake ili kuwa mmoja wao, na waliandika hata yale ambayo hayakuwa mazuri.

Na kuna kitu hakuna mtu hunilipa nikiseme. Jioni upepo ukigeuka, moshi wa jaa la Dandora unatufikia hadi Kayole. Jaa hilo lilitangazwa limejaa mwaka wa 2001. Mwaka wa 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake ni hapahapa Nairobi, Gigiri, lilipima watoto 328 wanaoishi karibu nalo, na nusu walikuwa na risasi kwenye damu kupita kiwango kinachokubalika. Risasi ya chuma, si ya bunduki, ingawa mtaani tunazo zote. Mimi nilikuwa mtoto mdogo wakati huo. Jaa bado lipo na bado linachomwa. Hata Anko angepewa mapafu mapya Shanghai kesho, angerudi nayo hapa, apande ngazi 64, afungue dirisha.

Pesa nililipwa nilikuwa nimekula. Nikamwandikia yule dada kwamba naondoa video, akanijibu kwa heshima ileile kwamba mkataba ulikuwa wa miezi 6. Nikaondoa tu. Mashine nimeitafuta. Aliyeinunua yuko Barabara ya Outering, ni kijana mzuri, anachomelea vitanda vya bweni, na anataka Sh30,000 kwa sababu amebadilisha waya. Nimelipa elfu nane. Anko hajui, kwa hivyo wewe unayemjua tafadhali kula jiwe. Najua pia hawezi kurudi kwa ule moshi. Nataka tu iwe yake, aikodishe, ama aiuze kwa bei yake mwenyewe.

Kitu pekee ambacho daktari alimpa na kimebadilisha jambo hakina mkebe. Ni mazoezi. Kupumua ndani kwa pua, kutoa polepole kwa midomo iliyobanwa kama unapoza chai, na kutembea kila siku kwa saa. Daktari ana kipimo cha dakika 6: unatembea kadri unavyoweza, unapima umbali. Kwa hivyo asubuhi kabla vumbi haijaamka tunashuka, mimi na simu, yeye na kofia yake ya Gor, tunatoka getini kuelekea stage. Mwezi wa kwanza alifika mita 240. Juzi alifika 285, akasimama kwa nguzo ya stima, mikono kwa magoti, ananionyesha kidole ningoje.

Alipopata pumzi akaniuliza, "Wale watu wako wa Uchina. Walitembea ngapi?"

"Walikuwa mita 410. Wakafika 447."

Akapiga hesabu. "Thelathini na saba. Na maabara na brashi na ndege zote hizo." Akaangalia mbele, akapima barabara kwa macho, vile alikuwa anapima chuma kabla ya kukata. "Hiyo ni kutoka hapa hadi kwa mama wa mandazi."

"Karibu hapo."

"Washa simu," akasema.